Ratiba ya Bandari: hesabu safari kabla hujahesabu pointi

Swali limetoka kwa msomaji wa Likoni, kijana anayefanya kazi kwa zamu bandarini na shabiki wa Bandari, klabu ya soka ya Mombasa katika ligi kuu ya Kenya. Anaandika:

"Mzee wetu, shikamoo. Kila ratiba ya ligi kuu ikitoka, maskani kwetu watu hushika kalamu: hii tumeshinda, hii sare, hii tumepigwa. Wakimaliza, Bandari ishakuwa bingwa na msimu wenyewe haujaanza. Nataka kujua mtu anayeielewa ratiba huangalia nini. La pili, kwa nini sisi wa Pwani tunabebeshwa mechi mbili za ugenini mfululizo? Si kuonewa huku? La tatu, kazini kwetu likizo na kubadilishana zamu huombwa mapema. Msimu huu nijiwekee mechi zipi?"

Marahaba, mwanangu. Wenzako wa kalamu usiwakataze. Hiyo ndiyo raha ya ushabiki, na hesabu yao ina msingi. Ligi ina timu 18, kila moja inacheza mechi 34, nusu nyumbani na nusu ugenini. Ukishinda zote 17 za nyumbani una pointi 51. Ukiambulia sare tupu ugenini unaongeza 17, jumla 68, na mwenye pointi 68 hakuna anayegombea ubingwa atakayemdharau. Kwa hiyo wanaosema "nyumbani shinda, ugenini usipigwe" hawajakosea.

Kasoro ya kalamu ni kuwa inatazama majina tu. Mtu akiona Gor Mahia anaandika kipigo, akiona timu iliyopanda daraja juzi anaandika ushindi, kana kwamba Gor wa wiki ya pili ndiye Gor wa wiki ya ishirini. Timu hubadilika njiani. Dirisha la usajili la katikati ya msimu hufunguliwa, straika akaenda zake, kocha akaoneshwa mlango, mishahara ikachelewa miezi. Kwa klabu nyingi za Kenya hilo la mishahara lina uzito kuliko mfumo wowote utakaochorwa ubaoni. Na sisi wenyewe ni ushahidi: mwaka 2018 nani aliiandika Bandari nafasi ya pili? Wakamaliza wa pili nyuma ya Gor. Msimu wa 2018/19, ulioanza Desemba kwa sababu ligi ilikuwa inahamishwa ifuate kalenda mpya ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakamaliza wa pili tena, na Kombe la FKF, lile la shirikisho la soka la Kenya, wakalibeba juu yake. Ratiba haikuandika lolote la hayo.

Mimi ratiba ikinifikia, kwanza hufunika safu ya wapinzani kwa kipande cha karatasi. Nabakisha tarehe na uwanja, basi. Kabla sijajua tunacheza na nani, nataka kujua tutakuwa wapi, lini, na tumelala wapi usiku wa kuamkia.

Timu nyingine zinaweza kuipuuza hatua hiyo. Bandari haiwezi. Kwa misimu mingi ya karibuni sisi ndio timu pekee ya Pwani kwenye ligi kuu, na maana yake ni kwamba hatuna ugenini wa karibu hata mmoja. Hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Hata kama timu zote 17 zingekuwa Nairobi, kwenda na kurudi mara 17 kungetutembeza zaidi ya kilomita 16,000 kwa msimu. Na si zote ziko Nairobi: Homeboyz wako Kakamega, Shabana wako Kisii, na huko ni mbele kabisa ya Bonde la Ufa. Mchezaji wa timu ya Nairobi, kwa upande wake, mechi kadhaa za "ugenini" kwake ni kuvuka mji. Ametoka Ruaraka amekwenda Dandora, jioni yuko kwake anakunywa chai, usiku analala kitanda chake. Kwenye karatasi mechi hiyo na ya kwetu Kakamega zote zimeandikwa ugenini.

Hebu tuifuate moja hatua kwa hatua. Mechi ya Jumapili alasiri uwanjani Bukhungu, Kakamega, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbaraki, uwanja wetu wa nyumbani. Basi linaondoka Ijumaa alfajiri. Mariakani, Voi, na kufikia Mtito Andei limebanwa nyuma ya msururu wa malori ya makontena, huenda yale yale mliyoyapakia nyinyi usiku wa jana. Nairobi kulala. Jumamosi ni kupanda na kuteremka hadi magharibi, kufika jioni, dakika chache za kunyoosha viungo giza likiingia. Jumapili wanacheza. Jumatatu na sehemu ya Jumanne ni barabara tena. Beki wa pembeni mwenye miguu mirefu amekaa magoti yakigusa kiti cha mbele, na anashuka vifundo vimevimba. Jumatano ni ya kukandwa na kukimbia taratibu. Kama Jumamosi kuna mechi nyumbani, kocha amebakiwa na Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nusu nusu. Sasa kalamu ya maskani, ikiiona hiyo mechi ya Jumamosi, inaandika nini? "Nyumbani, timu ndogo, tumeshinda." Mimi hapo huweka alama ya kuuliza. Pointi za Pwani zinazopotea kiajabu mara nyingi hupotea hapo, kwenye mechi rahisi inayofuata safari ndefu.

Kwa hiyo usisome mechi moja moja. Zigawe kwa mafungu ya tatu tatu au nne nne, na kila fungu ujiulize: miguu itakuwaje mwisho wake?

Sasa twende kwenye kuonewa. Malalamiko haya nimeyasikia tangu ujana, na niliwahi kukalia kiti cha kupanga ratiba za ligi za mitaani, kwa hiyo lawama zake nazijua. Keti nikuoneshe kwa timu nne za kubuni: Likoni, Kisauni, Changamwe na Mvita. Kila timu ikutane na kila timu mara moja, na tujitahidi kila moja ipokezane nyumbani na ugenini.

Raundi ya kwanza Likoni wanawakaribisha Kisauni, Changamwe wanawakaribisha Mvita. Raundi ya pili Kisauni wanawakaribisha Changamwe, Mvita wanawakaribisha Likoni. Mpaka hapo kila timu imecheza nyumbani mara moja na kutoka mara moja, na hakuna anayepiga simu kulalamika. Raundi ya tatu zimebaki Likoni na Changamwe, halafu Kisauni na Mvita. Likoni na Changamwe wote walianza nyumbani, wakatoka, na sasa wote wanadai zamu ya kurudi nyumbani. Mechi ni moja na uwanja ni mmoja. Ukiwapa Likoni, Changamwe wamekula ugenini mbili mfululizo. Upande wa pili, Kisauni na Mvita wote zamu yao ni kutoka, na haiwezekani wote wakatoka, kwa hiyo mmoja atakaa nyumbani mara ya pili.

Panga upya utakavyo, hukwepi. Sababu yake ni nyepesi: timu mbili zenye mpangilio uleule wa nyumbani na ugenini haziwezi kukutana kamwe, kwa kuwa siku hii zote ziko nyumbani na siku ile zote zimetoka. Na mpangilio wa kupokezana bila kukatika uko wa aina mbili tu, wa kuanzia nyumbani na wa kuanzia ugenini. Maana yake katika ligi ya timu 18 ni timu mbili kwa wingi wake zinazoweza kupokezana vizuri mkondo mzima, yaani nusu ya msimu. Zile 16 nyingine, Gor na Leopards wakiwemo, lazima kila mkondo zipate angalau mahali pamoja pa nyumbani mara mbili au ugenini mara mbili. Hakuna mtu wa Nairobi aliyekaa akatuchukia Pwani hapo. Hesabu imekataa.

Halafu juu ya hesabu hiyo kuna mambo ya dunia. Timu mbili zinatumia uwanja mmoja, haziwezi kuwa nyumbani siku moja. Polisi hawataki mechi mbili kubwa mji mmoja mchana mmoja. Kamera za televisheni nazo zina la kusema kuhusu siku na saa. Mpangaji akishayatimiza yote hayo, hana nafasi kubwa ya kumwonea mtu hata akitaka.

Uonevu ukitaka kuutafuta, utafute Jumatano. Mechi ya katikati ya wiki kwa timu ya Nairobi ni usumbufu mdogo. Kwa Bandari, Jumatano Kisii halafu Jumamosi nyumbani ni wiki iliyokufa, na hapo klabu ina haki ya kuandika barua kuomba isogezwe. Hapo nami natia sahihi.

Ila ugenini mara mbili mfululizo yenyewe, ikipangwa vyema, ni neema. Tuseme Jumamosi tunacheza na Tusker Nairobi, na Jumatano au Jumapili inayofuata tunacheza na Murang'a Seal, au na KCB. Timu inapanda mara moja, inaweka kambi, inafanya mazoezi palepale, inarudi mara moja. Safari mbili zimekuwa moja. Magharibi vilevile: Kakamega wiki hii na Kisii wiki ijayo, katikati timu ikikaa Kisumu, ni nafuu kwa miguu kuliko kurudi Mombasa na kupanda tena. Inakula pesa, maana kikosi kizima kulala hoteli wiki nzima si mchezo, lakini klabu iliyo chini ya Halmashauri ya Bandari inaweza kulifikiria jambo ambalo klabu ya jamii inayochangisha nauli haiwezi hata kuliota. Kinachoua ni zigizaga: Kakamega, nyumbani, Kisii, nyumbani, Nairobi. Imepokezana vizuri sana kwa macho, na kalamu ya maskani itaisifu. Mimi ningeibadilisha leo kwa ugenini mbili, nyumbani mbili.

Baada ya safari naangalia hewa. Watu hupenda kusema Nairobi ina mlima, kule mtu wa Pwani pumzi zinakata. Kuna ukweli. Mji ule uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa liko pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko hapa kwetu, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Mpira nao unakwenda kasi zaidi kwenye hewa nyepesi, jambo ambalo kipa wetu huligundua kwenye shuti la kwanza la mbali. Mwili huanza kuzoea baada ya siku nyingi, na timu inayopanda Ijumaa kucheza Jumapili haipati siku hizo. Lakini naona jambo hili tunalikuza kuliko linavyostahili. Wachezaji wetu wengi wamezaliwa na kucheza bara, na mita 1,700 si kilele cha Mlima Kenya. Kocha akipunguza mbio za nusu saa ya kwanza na kuweka viungo wanaojua kutuliza mpira, mlima haumfungi mtu.

Joto letu ndilo silaha ambayo hatuitumii ipasavyo. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mgeni kutoka Kericho au Kakamega aliyeshuka jana akicheza saa tisa alasiri Mbaraki, ikifika dakika ya 60 utamwona kiungo wao ameshika magoti mpira ukiwa umetoka nje, anaomba maji kabla ya kurusha. Kwa hiyo mechi za nyumbani za Januari na Februari ni dhahabu, hasa tukicheza kwa kasi baada ya mapumziko na tukiwa na wawili watatu wenye mbio benchi. Ratiba ikikupa timu za bara nyumbani miezi hiyo, shukuru. Ikikupa Agosti, wakati wa kusi, upepo mzuri na jua la wastani, mgeni atajihisi yuko kwao.

Msimu huu lakini kuna la kuzingatia. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuangukia kati ya tarehe 8 Februari na 9 Machi hivi, kutegemea mwandamo. Yaani imeingia katikati ya kaskazi kabisa. Baadhi ya wachezaji wetu watakuwa wamefunga, na saa tisa alasiri, jua la utosi limepita lakini joto halijashuka, mwili haujapata tone la maji tangu daku. Silaha inageuka. Klabu ikiweza kuomba mechi zake za nyumbani za mwezi huo zisogezwe hadi saa kumi jioni, itakuwa imefanya la maana, japo si zaidi ya hapo, kwa kuwa jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu na kitu. Na vijana waambiwe mapema habari ya mashindano ya usiku baada ya tarawehe. Mchezaji wa ligi kuu kuonekana saa tano za usiku anatia chenga kwenye uwanja wa vumbi mtaani, halafu Jumamosi anashika msuli, hilo si la kulaumu ratiba.

Mvua nitaipita haraka. Masika, kuanzia Aprili na hasa Mei, ndiyo inayokutana na mwisho wa ligi. Uwanja ukilowa, timu ya pasi fupi fupi inaumia na timu ya mipira mirefu inafurahi. Angalia mechi zako za mwisho ni na nani, basi.

Sasa toa kile kipande cha karatasi, tuangalie wapinzani. Hata hapa, usiangalie jina pekee, angalia anatoka wapi. Fungua ratiba ya mpinzani uiweke kando ya yako. Timu inayokuja Mbaraki siku tatu baada ya kucheza na Gor, au baada ya mechi ngumu ya kombe iliyokwenda hadi penalti, si timu ile ile uliyoikuta kwao. Kuna msimu unakuta timu moja ndogo inacheza na vigogo watatu mfululizo na sisi ni wa nne. Hao wakifika kwetu wamechoka, kadi za njano zimejaa, beki wao wa kati kafungiwa. Na kinyume chake: anayetufuata sisi baada ya kwenda Kakamega anafaidi uchovu wetu.

Jambo jingine la kuliweka akilini ni kuwa ratiba ya Kenya huandikwa kwa penseli, hata ikichapwa kwa wino. Sipigi dongo, nasema ilivyo. Nyayo na Kasarani zilifungwa kwa ukarabati kuelekea CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, timu za Nairobi zikawa zinahamahama, na CHAN yenyewe ilipochezwa Agosti 2025 ligi ikabidi isubiri hadi Septemba. Mbele yetu kuna AFCON 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuiandaa kwa pamoja, na viwanja vinavyohusika vitataka kukabidhiwa mapema. Kalenda ya FIFA nayo imebadilika: kuanzia 2026, dirisha la Septemba na la Oktoba la timu za taifa yameunganishwa kuwa moja refu, kutoka Septemba 21 hadi Oktoba 6. Wiki mbili ligi imelala, mwanzoni kabisa mwa msimu. Kwa Bandari si hasara. Ni muda wa kocha kurekebisha yaliyoharibika mechi za kwanza bila kupanda basi.

Ongeza klabu zinazocheza mashindano ya CAF, ambazo mechi zao husogezwa na kuwa viporo. Ongeza Kombe la FKF. Matokeo yake, ikifika Februari msimamo wa ligi unadanganya: wewe umecheza 20, mwenzako 17, na watu wanapiga kelele kuwa mko juu yake. Safu ya kwanza ya kusoma kwenye msimamo ni ya mechi zilizochezwa, ndipo pointi. Na viporo huja kuchezwa Jumatano, mwezi wa nne au wa tano, wakati kila mtu amechoka. Wengi hudhani kuwa na viporo ni akiba. Kwa timu inayosafiri kama yetu ni deni.

Usiwasikilize pia wanaosema mechi za mwanzo hazina maana, ligi huamuliwa mwishoni. Pointi tatu za wiki ya kwanza ni tatu. Machi 2020 korona ilisimamisha ligi, haikurudi, na Gor akatangazwa bingwa kwa msimamo uliokuwepo. Waliokuwa wakisubiri kukimbia mwishoni hawakuuona mwisho.

Kingine cha kukagua, na wengi hawakagui: neno "nyumbani" linamaanisha uwanja gani? Ukarabati wa Uwanja wa Manispaa umekokota miaka, kwa hiyo tegemeo limebaki Mbaraki. Lakini kuna aina ya mashindano Mbaraki hautoshi. Mwaka 2019 Bandari ilipoingia Kombe la Shirikisho, ikawatoa Al Ahly Shendi wa Sudan na Ben Guerdane wa Tunisia kabla ya kuangukia kwa Horoya wa Guinea mlangoni mwa makundi, mechi za "nyumbani" zilipigwa Kasarani. Mwenyeji alikuwa amesafiri kilomita 480 kuwakaribisha wageni. Watu wa Mombasa tuliitazama Bandari yetu kwenye televisheni.

Haya, likizo yako. Hapa nakujibu kinyume cha unavyotarajia: mechi ya Gor Mahia Mbaraki usiiombee likizo ratiba inapotoka. Mechi kubwa ndizo zinazosogezwa zaidi, kwa sababu ya kamera, ya usalama, au ya mgeni kuwa na mashindano mengine. Utatoa Jumapili yako, mechi ihamie Jumatano, nawe uko zamu. Hiyo iachie kubadilishana na mwenzako, ikishatangazwa tarehe na saa wiki ya mechi. Na ukienda, uende mapema: mashabiki wa K'Ogalo, yaani Gor, wamejaa mji huu, na ukichelewa utajikuta umeketi kwenye kijani chao umezungukwa.

Likizo yenyewe, ile ya kuandikiwa barua, iwekee mechi za nyumbani za Januari na za mwanzo wa Februari dhidi ya timu za bara za kati kwa kati. Ndizo zisizosogezwa sana, ndizo za joto, na ndizo ambazo tukizishinda tunajua msimu huu tuko wapi. Weka na ile ya nyumbani inayofuata safari ya magharibi, ile niliyoitia alama ya kuuliza. Siku hiyo timu imechoka na kelele za jukwaani zina kazi ya kufanya. Siku ya Gor zitakuwepo hata usipokwenda. Tena wewe wa Likoni huna kisingizio, ukishuka feri Mbaraki si mbali.

Siku ya mwisho ya ligi iweke alama kama iko nyumbani, lakini usiilipie chochote mpaka Aprili. Mechi za siku hiyo aghalabu huanza kwa wakati mmoja kote nchini ili pasiwe na mtu wa kucheza akijua matokeo ya mwenzake. Huenda tukawa tunagombea kitu, huenda tukawa tunakimbia nafasi mbili za mwisho zinazoshuka moja kwa moja, au ile ya tatu kutoka chini inayokwenda kwenye mchujo. Ikiwa tuko nafasi ya nane hatuna la kupata wala la kupoteza, nenda kavue samaki.

Ukitaka safari moja ya ugenini, chagua wikendi ya Nairobi ambayo timu ina mechi mbili za karibu karibu, na upande treni ya SGR. Saa tano au sita uko huko, na tiketi za wikendi hukatwa mapema, si asubuhi ya safari. Kakamega uende mara moja tu katika maisha yako, kwa basi, ili ukirudi uache kuwatukana mabeki wa pembeni.

Na hilo la zamu, anza sasa. Mtafute mwenzako Mkristo katika kikosi chenu cha zamu, umwambie Krismasi utaishika wewe, naye akushikie Jumapili mbili za Januari.